Sale la Kuombea Kimya

Wiki iliyopita wapo mlionipigia simu kumtetea Kaanaeli. Mkasema kila mtu hudanganya kidogo akibanwa. Sawa. Someni ya leo, halafu tuone nani atapiga tena.

Kwa aliyelikosa gazeti, mambo yako hivi. Kaanaeli ni mwongozaji wa filamu za katuni. Ana chumba cha kazi Sokon I, mjini Arusha, yeye na rafiki yake Salha, ambaye ndiye mchoraji. Kuna mfuko mmoja wa ng'ambo unaowasaidia wanawake wanaoongoza katuni zinazotokana na hekaya za kale za mataifa ya dunia. Kaanaeli akaitwa kwenye usaili wa mtandaoni. Akaanza na hadithi za sungura, wakamwambia sungura wanao wengi. Akababaika, akatazama dirishani, akauona Mlima Meru, akaukumbuka ule ubavu wake uliobomoka upande wa mashariki. Hadithi ikamtoka mdomoni pale pale.

Zamani, alisema, mlima huu ulikuwa mzima, umefungia maji yote tumboni. Msichana mmoja akapanda kuuomba upasuke. Mlima ukataka sauti yake kwanza. Akaitoa. Ubavu ukapasuka, maji yakashuka, na tangu hapo mito ya Meru ndiyo inayosema, msichana hakusema tena.

Nzuri, eti? Mimi mwenyewe nimeipenda. Shida ni kwamba hakuna bibi wala babu aliyewahi kuisimulia. Walipomuuliza ameipata wapi, akajibu kwa shangazi yake Hanna, naye Hanna kaipata kwa mama yake. Uongo ukishaota jino moja hauishii hapo.

Msaada ukatoka. Baada ya miezi akaja mgeni wa Mfuko, Bi Marit, na kamera yake, kumrekodi shangazi huyo. Shangazi Hanna ni mkulima wa kahawa na migomba kule Poli, kijiji cha mteremkoni Meru, mjane, mzee wa kanisa, na ndiye aliyemlea Kaanaeli tangu alipoachwa na mama yake. Kaanaeli alimbembeleza, akamfundisha hadithi mpaka akaishika. Mbele ya kamera bibi wa watu aliisema vizuri kuliko aliyeitunga. Kisha Bi Marit akauliza, kwa kinywa cha Salha anayemtafsiria, kama kweli aliisikia kwa mama yake.

Shangazi aliikazia macho kamera. Halafu akasema, "Mungu ni shahidi yangu."

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa tuendelee.

Siku mbili baada ya kurekodiwa, shangazi akampigia Kaanaeli simu. Hakulalamika. Alimweleza tu, kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba ndama amezaliwa, kwamba amekwenda kwa Mchungaji Solomoni na kumwambia hastahili kuikaribia meza ya Bwana. Mchungaji alimuuliza kosa. Akajibu atalisema Jumapili, mbele ya ushirika wote, atakaporudi kundini.

Walutheri wa mlimani hawana haja ya kuelezwa. Kwa wengine: mtu akikosa kosa zito, husimama mbele ya kanisa, akalitaja, akatubu, akapokelewa upya. Si jambo la kifichoni. Wapo waliohama kijiji kulikwepa.

"Utawaambia nini, shangazi?" Kaanaeli aliuliza.

"Nitawaambia nimemtaja Mungu kwenye uongo. Kuna kingine?"

Kaanaeli alikata simu. Msaada ule ulikuwa wa hekaya zilizorithiwa, si za kutungwa, na hilo aliambiwa tangu siku ya kwanza. Ushirika ukijua, Poli yote itajua. Poli ikijua, Bi Marit atajua, kwa kuwa bado yuko Arusha na anapanda kijijini kila akipata gari. Filamu itasimama. Na Salha, aliyeacha kibarua chake cha kuwachorea watalii picha ili aje kwenye filamu hii, atarudi kuchora twiga.

Maana Salha hajui. Hilo mlishike. Rafiki yake wa miaka yote, aliyemchorea mlima ule jiwe kwa jiwe, anaamini hadithi ni ya kale na ya kweli.

Mtu mwingine angekwenda kwa Salha. Kaanaeli alikwenda kutafuta jani.

Mmeru na Mchagga wanajua ninachosema. Sale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani mwa shamba na penye makaburi. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa sale hakatai. Hata kama ulimuulia ng'ombe wa maziwa, atalipokea na atasamehe. Wazee walilichunga jambo hilo kwa kuwa ndilo lililowazuia wasimalizane.

Na hilo jani Kaanaeli alilichuma wapi? Mpakani mwa shamba la shangazi huyo huyo, akiwa njiani kwenda kumwona. Hata kitu cha kuombea msamaha alikichukua bila kuomba.

Alimkuta uani akigeuza kahawa kwenye kitanda cha kuanikia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Pita ndani, chai ipo jikoni."

Kaanaeli hakupita. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Shangazi Hanna aliliangalia, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea kabla ya kuuliza lolote. Ndivyo alivyofunzwa.

"Nimekusamehe," alisema. "Nilishakusamehe kabla hujafika. Hukuwa na haja ya kulisumbua jani."

Jamani, hapo ndipo msichana mwenye akili angelia, akanyanyuka, akanywa chai yake, akarudi mjini kumwambia rafiki yake ukweli. Mlango ulikuwa wazi. Kaanaeli mwenyewe aliuona, na mpaka leo akilala anauona.

Alisema, "Shangazi, nilichokuja kuomba ni cha Jumapili. Naomba usiseme."

Shangazi aliligeuza lile jani mkononi. "Sale ni la kuombea msamaha," alisema taratibu. "Tangu lini linaombea kimya?"

"Umeshalipokea, shangazi."

Ningeweza kulifuta jibu hilo ningelifuta. Lakini alilisema, na akalisema kwa adabu, macho chini, kama mtoto mwema. Shangazi Hanna alikaa kwenye kigoda. Kuku walikuwa wakichakura chini ya kahawa.

"Kweli," shangazi alisema mwishowe. "Nimelipokea. Sitasema."

Kaanaeli akaanza kushukuru. Shangazi akainua mkono kumzuia.

"Msichana wako yule wa mlimani alitoa sauti yake mwenyewe. Wewe umetoa yangu."

Kisha akamwambia aende akanywe chai kabla haijapoa. Na Kaanaeli, kwa kuwa hakujua afanye nini na miguu yake, alikwenda akainywa, yote, na ndizi aliyowekewa akaila. Alisema baadaye kwamba hakuna kitu kilichomuumiza siku ile kama utamu wa ile chai. Shangazi hakuwa amesahau kiasi cha sukari anachopenda.

Wakati wa kuaga aliuliza jambo alilokuwa akiliogopa. "Kwa hiyo Jumapili utakwenda mezani kama kawaida?"

"Sitakwenda. Uliomba nisiseme. Hukuomba nile hukumu ya nafsi yangu."

Kaanaeli alishuka mlima akijiambia kwamba kukaa kwenye benchi siku moja si kifo. Wazee wengi hawaendi mezani, wengine magoti, wengine kisukari. Nani atauliza? Alijiambia hivyo mpaka Usa River, na kutoka Usa River mpaka mjini akajiambia tena, kwa sababu mara ya kwanza hakujiamini.

Chumbani Sokon I alimkuta Salha ameinamia ubao wake wa kuchorea, mtandio umeteleza mabegani, amesahau hata kuwasha taa.

"Njoo uone," Salha alimwita. "Usiseme kitu mpaka nimalize."

Akamwonyesha kipande cha mwisho, pale msichana anapofungua kinywa kutoa sauti yake. Miezi yote hiyo msichana alikuwa hana uso uliokamilika. Salha alikuwa akisema bado anamtafuta. Sasa alikuwa nao: paji pana, macho yaliyoachana, na kovu dogo juu ya nyusi.

"Ni mama," Salha alisema. "Nimempa sura ya marehemu mama."

Kaanaeli aliinama karibu na ubao.

Salha aliendelea, akichezesha kalamu. Mama yake alitoka Kondoa na hadithi chungu nzima, alisema, na hakuna aliyejali kuziweka popote. Alipofariki zilikwenda naye. Baba yake, Mzee Twahir, anakumbuka moja tu, nayo nusu. "Hii ya shangazi yako imesalimika. Nikasema imbebe na mama. Nimekosea?"

"Hujakosea," Kaanaeli alisema. "Salha, nina kitu nataka kukwambia."

Alikuwa amekusudia. Namwamini kwa hilo. Alikuwa ameshavuta kiti.

Simu ya Salha ikaita. Alikuwa Bi Marit. Salha akasikiliza, akacheka, akajibu kwa Kiingereza, akakata. Bi Marit alikuwa amezipeleka kwao picha za shangazi, na wenzake wamempenda yule bibi kuliko kitu kingine chochote walichotumiwa mwaka huu. Wanataka wamwone zaidi, maisha yake, kahawa yake, kanisa lake. Jumapili Bi Marit atapanda Poli kuhudhuria ibada, na Salha aende kumtafsiria.

"Baba ameniuliza binti wa Kiislamu anakwenda kanisani kutafuta nini," Salha alisema. "Nimemwambia kazi ni kazi, na yule shangazi ni wangu pia. Haya, ulitaka kuniambia nini?"

Kaanaeli aliutazama uso wa marehemu kwenye ubao.

"Taa," alisema. "Utaharibu macho. Washa taa."

Jumapili kanisa lilijaa, maana ilikuwa siku ya Chakula cha Bwana. Wageni waliwekwa benchi la mbele upande wa akina mama: Bi Marit na kamera yake mapajani, Salha katikati, Kaanaeli pembeni. Benchi la wazee wa kanisa lilikuwa na nafasi moja wazi. Shangazi Hanna hakukaa hapo. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa benchi la mwisho pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, kitabu chake cha nyimbo kifuani.

Watu waligeuka kumtazama, kisha wakatazamana. Poli hawaulizi kanisani, wanahifadhi ya kuuliza nje. Mchungaji Solomoni naye alimwona. Alikuwa ametangaziwa toba, halafu juzi akaambiwa na mhusika mwenyewe kwamba hakuna tena cha kusemwa, na meza ataikosa. Alihubiri akiwa hana raha, mara mbili akapoteza mstari.

Ulipofika wakati wa meza, watu walianza kutoka benchi kwa benchi. Kaanaeli hakutoka. Alijisingizia wageni. Wengine walipiga magoti, wakapokea, wakarudi wakiimba. Benchi la mwisho likaitwa. Akina mama wenye watoto wakanyanyuka. Shangazi Hanna akabaki peke yake kwenye lile benchi refu.

Bi Marit aliligundua. Akamnong'oneza Salha, Salha akamnong'oneza Kaanaeli.

"Anauliza kwa nini shangazi haendi."

"Magoti yanamsumbua," Kaanaeli alisema.

Tazama jinsi lilivyomtoka haraka. Hakulitafuta hata kidogo. Salha akalipeleka neno kama alivyolipokea, akiwa na huruma usoni, na Bi Marit akaguswa. Huko kwao, Bi Marit ni binti wa mchungaji. Anajua maana ya mzee kukosa meza kwa sababu ya miguu.

Akaiweka kamera kwenye benchi. Akanyanyuka.

Kaanaeli hakuelewa anakwenda wapi mpaka alipomwona amefika nyuma, ameinama, amemshika shangazi mkono kwa mikono yake miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, akayatumia yote. "Twende, Mama. Pole pole. Mimi nasaidia."

Kanisa zima liliona jambo zuri. Mama mmoja wa kwaya alifuta machozi. Mchungaji Solomoni akasimama na mkate mkononi, akingoja.

Shangazi alishika benchi. Angesema nini? Neno moja lingetosha kumweleza mgeni, na neno hilo lilikuwa limefungwa kwenye fundo la jani. Kumsukuma mgeni mbele ya ushirika hakuweza, hakulelewa hivyo. Akanyanyuka. Akaanza kutembea, mgeni amemkumbatia ubavuni, kuelekea kwenye meza ambayo kwa imani yake, akiila bila kutubu, angekula hukumu.

Alikuwa akitikisa kichwa, kidogo tu. Hakuna aliyeona. Walidhani ni uzee.

Kaanaeli aliona. Aliona pia kwamba kati ya kurasa za kile kitabu cha nyimbo limechomoza jani, limeanza kunyauka, fundo lake bado limekaza. Shangazi alikuwa amekuja nalo kanisani. Alipolifikia benchi la mbele aligeuza macho, akamtazama binti aliyemlea. Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

Aibu aliyoikimbia wiki nzima ilimkamata Kaanaeli hapo, mwili mzima, na pamoja nayo likaja jambo moja jepesi: kwamba hakuna mwingine yeyote duniani anayeweza kumfungua huyu mama.

Akasimama njiani.

"Shangazi," alisema, "naomba sale langu."

Wazee wa benchi la kanisa waligeuka kwa pamoja. Katika maisha yao walikuwa wamepeleka masale na kupokea masale. Hawakuwahi kusikia mtu akilidai lirudi.

"Unajua unachoomba?" shangazi aliuliza.

"Najua. Nirudishie. Nimekufungua."

Shangazi Hanna alikifungua kitabu, akalichomoa jani, akamwekea kiganjani. Kisha akavuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akafungua kinywa aseme.

"Hapana, shangazi," Kaanaeli alisema. "Lako utalisema baadaye. Linaanza langu."

Kwaya ilikuwa imeacha kuimba bila kuambiwa. Mchungaji Solomoni aliurudisha mkate kwenye sahani, akauliza kwa upole, "Kaanaeli, kuna nini?"

"Nina neno, mchungaji. Naomba na mgeni huyu alisikie, linamhusu." Akamgeukia rafiki yake. "Salha, njoo umtafsirie. Usiruke kitu, hata ukiona kibaya."

Salha alinyanyuka, akautengeneza mtandio wake, akapita kati ya mabenchi mpaka alipokuwa Bi Marit. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alidhani ni shukrani, alidhani rafiki yake anataka kuisifu hadithi ya shangazi mbele ya kijiji chake, na pengine atamtaja na marehemu mama. Akamtolea Kaanaeli tabasamu lile la kumtia moyo analompa kila wanapoanza kurekodi. Halafu akausogeza mdomo karibu na sikio la mgeni.

"Haya," alisema, "tunakusikiliza."